Maswali ya Wasomaji: Mitandao ya Mahusiano Ndani ya Lahajedwali

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi namna watafiti wanavyotumia kompyuta kuchora mahusiano ya watu: nani anafahamiana na nani, nani anamkopesha nani, nani anamjibu nani mtandaoni. Barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba wasomaji wengi wanayo kazi ya namna hiyo mezani na wanayo Excel katika kompyuta zao, ila hawajui waanzie wapi. Tumechagua baadhi ya maswali yao, na kila moja tumelijibu kwa urefu au kwa ufupi kadiri lilivyohitaji.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni ofisa maendeleo ya jamii mkoani Morogoro na ninasimamia vikundi vya kuweka na kukopa. Ningependa kuona nani anamdhamini nani, kwa sababu nina wasiwasi kwamba dhamana karibu zote zimelalia mabega ya watu wachache. Excel naitumia kila siku kwa bajeti, lakini takwimu sikusomea. Je, ninahitaji programu nyingine, na nianzie wapi?

JIBU: Anzia hapo hapo kwenye Excel, kwa safu wima mbili. Mtandao wa mahusiano, ukiuvua picha na rangi zake, ni orodha ya jozi: katika safu A unamwandika mdhamini, katika safu B unamwandika anayedhaminiwa, na kila safu mlalo inabeba uhusiano mmoja. Ukimaliza kuingiza jozi hizo, mtandao wako upo tayari hata kama hujachora chochote.

Kabla ya kuingiza jina la kwanza, andika mahali sentensi moja inayoeleza safu mlalo moja ina maana gani. Kwako inaweza kuwa hivi: aliye katika safu A alitia saini fomu ya udhamini wa mkopo wa aliye katika safu B, katika mwaka huu wa fedha. Sentensi hiyo itakusaidia siku utakapokutana na dhamana ya mdomo, dhamana iliyokwisha muda wake, au mume aliyetia saini kwa niaba ya mkewe, kwa kuwa utakuwa umekwisha kuamua zipi zinaingia na zipi zinabaki nje. Picha nyingi mbovu za mitandao chanzo chake ni hapa: mahusiano ya aina tatu au nne yamemiminwa katika orodha moja bila mtu yeyote kuamua, na hakuna programu inayoweza kuyatenganisha baadaye.

Kazi ya pili ni majina. Katika daftari la kikundi mtu mmoja anaweza kuandikwa Rehema katika ukurasa wa kwanza, Mama Neema katika ukurasa wa tatu, na Mweka Hazina katika ukurasa wa mwisho, nayo kompyuta itamhesabu kuwa watu watatu, kila mmoja akiwa na mahusiano haba. Tengeneza kwanza karatasi ya wanachama wote, mmoja kwa kila safu mlalo, umpe kila mmoja namba yake, kisha utumie namba hizo katika orodha ya jozi. Hata nafasi tupu iliyobaki mwishoni mwa jina humgawa mtu mmoja kuwa wawili pasipo jicho kuiona. Fomyula ya TRIM huiondoa.

Nakushauri ufanye mazoezi kwa mtandao mdogo ambao majibu yake yanafahamika. Mmoja unaotumika sana kufundishia ni ule wa ndoa kati ya familia kubwa za mji wa Florence, Italia, katika karne ya 15, ambao John Padgett na Christopher Ansell waliuchambua katika makala yao ya mwaka 1993 kuhusu namna familia ya Medici ilivyopata nguvu. Familia zinazotumika katika zoezi hili ni 16 na mahusiano ya ndoa ni 20, kwa hiyo unaweza kuyachapa yote kwa kikao kimoja. Medici waliunganishwa kwa ndoa na Acciaiuoli, Albizzi, Barbadori, Ridolfi, Salviati na Tornabuoni. Guadagni na Albizzi, Bischeri, Lamberteschi na Tornabuoni. Strozzi na Bischeri, Castellani, Peruzzi na Ridolfi. Castellani na Barbadori na Peruzzi. Zilizobaki ni jozi nne: Bischeri na Peruzzi, Ridolfi na Tornabuoni, Albizzi na Ginori, Salviati na Pazzi.

Ukishachapa, orodhesha familia hizo katika safu D, kila moja mara moja, na katika seli E2 andika =COUNTIF(A:A,D2)+COUNTIF(B:B,D2), kisha uiburute fomyula hadi chini. Medici watapata 6, Strozzi 4 na Guadagni 4. Jumla ya safu E lazima iwe 40, yaani mara mbili ya jozi 20, kwa kuwa kila ndoa imehesabiwa pande zote mbili. Ikitoka namba pungufu, ujue kuna jina lililochapwa vibaya. Kwa dhamana zako tofauti iko hapa tu: usizijumlishe COUNTIF mbili, kwa sababu kudhamini si sawa na kudhaminiwa. Hesabu ya safu A itakuonyesha nani amebeba dhamana ngapi, na hilo peke yake linajibu wasiwasi ulioueleza.

Pengine umeona kwamba nilizozitaja ni familia 15. Ya 16 ni Pucci, ambayo haimo katika orodha ya jozi hata mara moja, kwa sababu haikuwa na ndoa na yeyote kati ya hizo nyingine. Hapa nakuomba uwe makini kuliko mahali pengine popote: orodha ya jozi humsahau mtu asiye na uhusiano. Katika vikundi vyako huyo ndiye mwanachama asiye na wa kumdhamini, na bila ile karatasi ya wanachama atatoweka katika ripoti yako, ilhali ndiye uliyepaswa kumwona kwanza.

Programu ya ziada utaihitaji utakapotaka kujua nani amekaa katikati ya njia za wengine. Chombo kinachofahamika zaidi kwa watumiaji wa Excel ni NodeXL, kiolezo kilichoanza kutolewa mwaka 2008 na kuandaliwa na watafiti wakiwemo Marc Smith na Ben Shneiderman. Ukikifungua unakutana na karatasi mbili zenye sura ile ile niliyoieleza: moja ya jozi, na nyingine ya watu au vitu vinavyounganishwa, na kando yake dirisha la kuchorea. Lipo toleo la bure lenye mipaka, na toleo la kulipia lenye hesabu nyingi zaidi.

Kipimo hicho cha kuwa katikati ndicho kinachoipa Florence utamu wake. Chukua jozi zote 91 zinazoweza kupatikana miongoni mwa familia 14 zilizounganika, ukiwaacha Medici wenyewe, na utafute njia fupi kuliko zote ya kutoka familia moja hadi nyingine. Medici wamo katika takriban asilimia 52 ya njia hizo; wanafuata Guadagni kwa asilimia 25 na Albizzi kwa asilimia 21. Strozzi wenye ndoa nne wanapata asilimia 10 tu, chini ya Albizzi wenye ndoa tatu. Wala si kwamba Strozzi walikuwa maskini, kwani katika data hizo hizo mali yao kwa mwaka 1427 ni lira 146,000, na ya Medici ni lira 103,000. Ukifuta safu mlalo zote za Medici, mtandao unakatika: Acciaiuoli wanabaki peke yao, Salviati na Pazzi wanabaki wawili, na familia 11 zinaendelea kushikana. Ukifuta za Strozzi, hakuna anayekatika.

Hata hivyo mstari wa ndoa unasema ndoa tu. Medici na Albizzi wameunganishwa moja kwa moja katika jedwali hili, lakini ni Rinaldo degli Albizzi aliyeongoza juhudi za kumpeleka Cosimo de' Medici uhamishoni mwaka 1433, hadi Cosimo aliporudi mwaka uliofuata. Na ukichukua mahusiano ya biashara badala ya ndoa, ambayo katika data hizo ni 15, Strozzi hawaonekani kabisa. Ndiyo maana ninapendekeza safu ya tatu, C, iandikwe aina ya uhusiano, ili uweze kuchuja na kutazama kila aina peke yake.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili jijini Nairobi. Kila ninapobonyeza kitufe cha kuchora upya, picha ya mtandao wangu inabadilika, na nukta zimebanana kiasi kwamba inafanana na kiota cha ndege. Msimamizi wangu aliniuliza kwa nini mtu fulani yuko juu na mwingine yuko pembeni, nikakosa jibu. Nifanye nini?

JIBU: Jibu la kumpa msimamizi wako ni kwamba juu, chini, kushoto na kulia havina maana yoyote katika picha ya namna hii. Njia ya kupanga nukta iliyozoeleka ni ile iliyobuniwa na Thomas Fruchterman na Edward Reingold mwaka 1991. Hesabu yake inazifanya nukta zote zisukumane, huku zile zilizounganishwa kwa mstari zikivutana, na mzunguko huo unarudiwa mara nyingi hadi misukumo ikaribie kutulia. Kwa kawaida nukta huanza mahali pa kubahatisha, ndiyo maana matokeo hutofautiana kila unaporudia. Kinachobaki kile kile katika kila mchoro ni nani ameunganishwa na nani, na kwa sehemu kubwa ni makundi gani yanakaa karibu. Hayo ndiyo ya kuyasoma, na hayo tu ndiyo ya kuyaandikia aya katika tasnifu yako.

Ukipata mpangilio unaosomeka, uhifadhi. Katika NodeXL mahali pa kila nukta huandikwa katika safu za X na Y za karatasi ya nukta, na kuna safu ya kuifunga nukta isisogee tena. Ni jambo la lazima pale unapotaka kulinganisha mtandao wa mwaka jana na wa mwaka huu, kwa sababu msomaji akiona nukta zimehama atadhani watu wamehama.

Sasa kuhusu msongamano. Usihangaike kuchora yote uliyonayo. Kama mahusiano yako yana uzito, kwa mfano idadi ya mara ambazo wawili walishirikiana, chuja yale ya mara moja na uone kinachobaki. Lakini uandike chini ya picha umechuja kwa kiwango gani, maana kiwango hicho ni uamuzi wako na kinabadilisha matokeo. Ukubwa wa nukta ufuate kipimo kimoja, na rangi ifuate jambo jingine moja, kama idara au kata. Majina yaandikwe kwa nukta chache zinazozungumziwa katika maandishi. Programu inaweza pia kutafuta makundi yenyewe na kulitenga kila kundi katika kisanduku chake. Hilo husaidia macho, ila makundi hayo yamepatikana kwa hesabu, na mtu aliyewekwa katika kundi la tatu anaweza kuwa hajawahi kusikia kwamba kundi hilo lipo.

Na ikiwa baada ya yote hayo picha bado haisomeki, iache. Jedwali la watu kumi wenye kipimo cha juu, likiwa na safu mbili tatu za maelezo, humweleza msomaji mengi kuliko ukurasa mzima wa mistari iliyopishana. Sioni sababu ya kumlazimisha mtahini atazame picha ambayo wewe mwenyewe huwezi kuisoma.

SWALI: Ninatumia kompyuta ya Mac, na wakati mwingine simu. Je, NodeXL itafanya kazi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: NodeXL inahitaji Excel ya kompyuta yenye Windows. Orodha yako ya jozi, hata hivyo, unaweza kuiandaa popote, ikiwemo kwenye simu kwa Google Sheets, kisha ukaihifadhi kama faili la CSV. Gephi, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Mac, Windows na Linux, hulisoma faili hilo moja kwa moja, mradi vichwa vya safu zako mbili viandikwe Source na Target, na kama una uzito, safu yake iitwe Weight. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuweka kazi yako katika lahajedwali la kawaida: chombo cha kuchorea kinaweza kubadilishwa, nayo data yako ikabaki ilivyo.

SWALI: Mimi ni katibu wa umoja wa wanawake wajasiriamali mkoani Tanga. Sina orodha ya nani anashirikiana na nani. Nilichonacho ni madaftari ya mahudhurio ya mikutano, semina na misiba. Je, mahudhurio yanaweza kugeuzwa kuwa mtandao?

JIBU: Yanaweza, tena kazi yenyewe ina historia ndefu. Katika miaka ya 1930, watafiti katika mji wa Natchez, jimbo la Mississippi nchini Marekani, walikusanya kumbukumbu za shughuli 14 za kijamii na wanawake 18 waliozihudhuria. Jedwali lao lina wanawake katika safu mlalo, shughuli katika safu wima, na alama pale mwanamke alipohudhuria. Alama zote ni 89. Jedwali hilo dogo limechambuliwa na kurudiwa kuchambuliwa hadi leo, na madaftari yako yana umbo hilo hilo.

Panga majina ya wanachama katika safu A kuanzia A2, na shughuli katika safu mlalo ya kwanza kuanzia B1. Aliyehudhuria mwandikie 1, asiyehudhuria mwandikie 0. Usiache seli tupu hata moja, kwa sababu fomyula tutakayoitumia hutoa alama ya kosa inapokutana na utupu. Kwa jedwali la ukubwa wa lile la Natchez, lenye wanawake 18 na shughuli 14, fomyula ni =MMULT(B2:O19,TRANSPOSE(B2:O19)). Katika Excel mpya matokeo hujitandaza yenyewe; katika zile za zamani utachagua kwanza eneo la seli 18 kwa 18, uandike fomyula, kisha ubonyeze Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja.

Utakachokipata ni mraba wa namba. Pale ambapo jina la mwanachama mmoja linakutana na la mwenzake, namba inakuambia wawili hao walikuwa pamoja katika shughuli ngapi. Katika mshazari, ambapo mtu anakutana na jina lake mwenyewe, unaona amehudhuria shughuli ngapi kwa jumla, na unaweza kulinganisha na daftari ili kuhakikisha hukukosea kuingiza.

Tahadhari kubwa iko katika hatua inayofuata. Ukichora mstari kati ya kila wawili waliowahi kukutana hata mara moja, karibu kila mtu ataunganishwa na kila mtu. Kwa wanawake 18 wa Natchez, jozi zinazowezekana ni 153, na kati ya hizo 139 zinapata mstari, picha ambayo haikuambii kitu. Mkutano mkuu mmoja uliojaa ukumbi unatosha kuzalisha mistari mingi kuliko semina ndogo kumi, wakati waliokaa katika semina ya watu sita ndio walioongea. Kwa hiyo tenga shughuli kubwa na ndogo, na uanze kwa kutazama jozi zilizokutana mara tatu au nne katika zile ndogo.

Misiba ningeiweka katika jedwali lake. Kwenda msibani kwetu ni wajibu wa ujirani na wa udugu, na ukiichanganya na semina za biashara utapata mtandao usiojua kama unaonyesha ujirani au ushirikiano wa kazi. Ukizitenga, unaweza kugundua jambo lenye thamani kwa umoja wenu: wanawake wanaozikana lakini hawajawahi kukaa pamoja katika mafunzo hata mara moja.

SWALI: Mimi ni mwandishi wa habari, Dar es Salaam. Ningependa kuona mjadala fulani unavyosambaa katika mtandao wa X na nani anauendesha. Nimesikia kwamba NodeXL inaweza kuvuta data hiyo yenyewe. Je, ni kweli?

JIBU: Uvutaji wa data kutoka mitandao ya kijamii umo katika toleo la kulipia, na kwa upande wa X mambo yamekuwa magumu tangu mwaka 2023, pale mtandao huo ulipobana njia ya bure ambayo programu na watafiti waliizoea. Kwa mjadala mdogo bado unaweza kuandaa jedwali kwa mkono: aliyeandika katika safu A, aliyejibiwa au kutajwa katika safu B, na katika safu C kama lilikuwa jibu, kumtaja, au kusambaza upya. Usiyachanganye hayo matatu, kwani kusambaza andiko la mtu ni tendo tofauti kabisa na kumjibu kwa hasira.

Kabla ya kutafuta nani anauendesha mjadala, tazama kwanza una umbo gani. Mwezi Februari 2014, kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilichapisha ripoti iliyoandaliwa pamoja na watafiti wa NodeXL, ikieleza maumbo sita ya mijadala waliyoyakuta katika Twitter, kama ulivyoitwa wakati huo. Mjadala wa siasa inayogawa watu hutoa makundi mawili makubwa yasiyojibizana. Kundi la watu wa fani moja hutoa fundo moja lililoshikana, ambamo karibu kila mtu anaongea na mwenzake. Mada za bidhaa maarufu na watu mashuhuri hutoa nukta nyingi zisizounganika, kila mmoja akitaja jina la bidhaa bila kumjibu yeyote. Zipo mada zinazozalisha makundi madogo madogo mengi. Vyombo vya habari hutoa umbo la kitovu, ambapo mistari mingi inaelekea kwa mmoja kwa sababu wote wanasambaza andiko lake. Huduma kwa wateja hutoa kitovu kinyume chake, mmoja akiwajibu wengi.

Kwa kazi yako tofauti kati ya haya mawili ya mwisho ni muhimu sana. Ukihesabu mistari tu bila kuangalia inaelekea wapi, akaunti ya kampuni inayoomba radhi kwa wateja elfu moja na akaunti ya mtu ambaye watu elfu moja wamesambaza maneno yake zitaonekana sawa. Hesabu za safu A na safu B ziandikwe mbalimbali kila mara. Jambo jingine ni kwamba waliosoma na kunyamaza hawamo katika jedwali lako, wala waliobeba mjadala huo kwenda kwenye makundi ya WhatsApp. Usiandike katika habari yako kwamba wananchi wanasema hivi. Andika kwamba akaunti zilizoshiriki, kwa tarehe hizi, zilijibizana hivi.

SWALI: Mimi ni ofisa rasilimali watu katika kampuni moja jijini Arusha. Mkuu wangu ameagiza nitumie kumbukumbu za barua pepe za ofisi kuchora mtandao wa wafanyakazi, ili ajue nani ana umuhimu na nani anaweza kupunguzwa. Kiufundi najua naweza. Moyo wangu ndio unaosita.

JIBU: Kusita kwako kuna msingi, na ningependa uende kwa mkuu wako ukiwa na hoja za kazi pamoja na hizo za moyo.

Ya kwanza ni kwamba kipimo hakipimi kile anachokitafuta. Dereva, fundi, mpishi na mlinzi hawaandikiani barua pepe, na mhasibu anayevuka ukumbi kwenda kuuliza ana kwa ana ataonekana mpweke, huku katibu muhtasi anayesambaza matangazo ya mikutano akionekana kuwa nguzo ya kampuni. Jedwali litakuwa sahihi kwa kila seli na bado uamuzi uliojengwa juu yake ukawa dhuluma kwa watu wenye familia.

Ya pili ni sheria. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya inayo sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Zote mbili zinasimama juu ya kanuni kwamba taarifa zilizokusanywa kwa lengo moja zisitumike kwa lengo jingine lisilopatana nalo. Wafanyakazi walipewa barua pepe ili wafanye kazi za ofisi. Pateni ushauri wa mwanasheria kabla faili halijafunguliwa.

Wapo watakaokuambia kwamba ukiondoa majina tatizo limekwisha. Halijaisha. Katika ofisi ya watu 30, nukta moja inayounganisha idara mbili ambazo hazina kiungo kingine inajulikana ni nani hata ikiitwa namba 17. Kumbuka pia kilichotokea kwa Enron, kampuni ya Marekani iliyofilisika mwaka 2001: wakati wa uchunguzi, tume ya serikali inayosimamia nishati iliweka hadharani barua pepe zake mwaka 2003, na mkusanyiko unaotumiwa na watafiti wa mitandao hadi leo una takriban barua nusu milioni za watumishi wapatao 150. Ndani yake yalikuwamo mambo ya nyumbani na ya afya ya watu ambao hawakuwa na hatia yoyote.

Kama mkuu wako kweli anataka kujua kazi inakwama wapi, mpendekezee njia hii. Waulize wafanyakazi, kwa hiari na kwa maandishi, swali moja lenye lengo lililoelezwa, kwa mfano: unapokwama katika kazi yako, unamwendea nani? Matokeo yatolewe kwa idara na si kwa mtu, jozi zihesabiwe kati ya idara na idara, na idara yenye watu wasiozidi wanne iunganishwe na nyingine kabla ya kuchapishwa. Faili lenye majina na faili lenye namba yakae mbali, lile la majina likiwa mikononi mwa mtu mmoja asiye na mamlaka ya kuajiri wala kufukuza, na tarehe ya kulifuta iandikwe juu ya fomu ile ile ambayo wafanyakazi wataitia saini. Mkuu akikataa masharti hayo, omba agizo lake kwa maandishi na umpelekee mwanasheria wa kampuni kabla ya kuanza kazi.